Kizazi kimetolewa, lini nirudi kuogelea?

Akina mama wengi hutolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi, damu isiyokata, kizazi kushuka au saratani. Siku ya kuruhusiwa huambiwa wasibebe vitu vizito na wasikutane na waume zao kwa wiki 6, basi. Bahari na bwawa havitajwi, labda kwa kuwa wahudumu wengi hawadhani kwamba mama wa miaka 45 anaogelea. Wapo wanaoogelea, na haya ndiyo wanayouliza.

Nikae nje ya maji kwa muda gani?

Utasikia majibu mawili, na yote yanatoka kwa wataalamu. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza huwaambia wagonjwa kwamba kuogelea kwa kawaida kunaweza kuanza baada ya wiki 2 hadi 3, ilimradi damu na majimaji ukeni yamekoma. Hospitali nyingine nyingi husema wiki 6, tena baada ya daktari kukukagua.

Kinachoamua ni aina ya upasuaji uliofanyiwa, kwa hiyo itafute ile karatasi ya kuruhusiwa kabla ya kuitafuta nguo ya kuogelea. Je, mlango wa kizazi uliachwa au ulitolewa pamoja na kizazi? Ulipasuliwa tumbo, ulifanyiwa kupitia ukeni, au kwa matundu madogo yenye kamera? Kama karatasi haisemi, rudi ukaulize, ni haki yako kujua. Aliyeachiwa mlango wa kizazi hana mshono juu ya uke, naye huweza kuruhusiwa mapema zaidi. Aliyetolewa vyote, ushauri wangu ni asubiri wiki 6 na akaguliwe, hasa kama anakusudia kuingia baharini, ambako mawimbi hayamuulizi mtu yuko wiki ya ngapi.

Mshono wa tumboni umekauka tangu wiki ya pili. Mbona bado nazuiwa?

Kwa sababu huo siyo mshono unaotutia wasiwasi. Mlango wa kizazi ukitolewa, sehemu ya juu ya uke hubaki wazi, na daktari huishona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Mshono huo huuoni na mara nyingi hauumi, lakini ndio unaochelewa kupona. Ukilegea na kufumuka, utumbo unaweza kushuka hadi ukeni. Ni nadra, lakini ni dharura ya kwenda chumba cha upasuaji siku hiyohiyo.

Hapa ndipo waliofanyiwa kwa matundu madogo wanapojidanganya. Wanaona vikovu vitatu au vinne visivyozidi urefu wa ukucha, wanatembea siku ya pili, kisha wanajiona wamepona kabla ya wenzao waliopasuliwa tumbo. Lakini mshono wa juu ya uke hufumuka zaidi kwa upasuaji huo wa kamera kuliko kwa ule wa kupasua tumbo au wa kupitia ukeni. Kwa hiyo wepesi wa mwili usikuhadae.

Aliyepasuliwa tumbo naye ana mzigo wake: misuli na utando vilivyoshonwa chini ya ngozi. Ukivikaza mapema unajitafutia ngiri. Ndiyo maana ndoo ya lita 20, ambayo maji yake peke yake yana uzito wa kilo 20, ni marufuku kabisa kwa wiki hizo 6. Mtu asiyeruhusiwa kubeba ndoo asijivute kwa mikono kupanda ukingo wa bwawa.

Sasa kizazi hakipo, maji hayatapita mpaka tumboni?

Hayapiti. Uke umefungwa juu, na ukishapona ni kama kifuko kisicho na njia ya kutokea upande wa pili. Hata kabla ya upasuaji kuta zake zilikuwa zimegusana, hivyo maji hayamiminiki ndani kila unapoingia bwawani. Wala halibaki shimo tupu tumboni: utumbo husogea na kujaza nafasi. Kizazi kisicho na uvimbe huwa na ukubwa wa ngumi tu.

Hofu ya wiki za mwanzo ni nyingine, yaani vijidudu kufikia mshono mbichi.

Shoga zangu wanasema maji ya bahari yanakausha kidonda.

Chumvi ina sifa hiyo, lakini bahari siyo bakuli la maji safi yaliyotiwa chumvi. Wakati wa masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, mifereji huteremsha maji machafu ya mjini hadi ufukweni, uwe Coco Beach ya Dar es Salaam au Pirates ya Mombasa. Baada ya mvua kubwa hata aliye mzima anafanya vyema kusubiri siku mbili tatu. Klorini ya bwawani nayo hupunguza vijidudu, haivimalizi, na huwasha ngozi changa ya kovu.

Na tukiwa hapo: kukalia beseni la maji ya moto yenye chumvi, kujifukiza ukeni, kuingiza vidole “kusafisha”, yote hayo yaache. Kukandwa tumbo kama mzazi pia kuache. Mama mkwe anaweza kununa. Mwambie daktari kakataza, na kweli amekataza.

Bado natoa majimaji ya kahawia kidogo. Nivae tamponi niingie?

Hapana. Rangi hiyo mara nyingi ni nyuzi zinazoyeyuka na damu ya zamani, na inaweza kuendelea hadi wiki ya 6. Tumia pedi, usiingize kitu chochote ukeni, na subiri ikome. Yakiwa na harufu mbaya au rangi ya usaha, hilo si la kusubiri, nenda kliniki.

Nikiruhusiwa, nianzeje?

Kwanza jipime nchi kavu. Tembea nusu saa ya mwendo wa kawaida. Kohoa na ucheke bila kushika tumbo. Panda ngazi bila kuhema. Hili la mwisho lina maana kubwa kwa waliotokwa na damu nyingi miaka na miaka kabla ya upasuaji. Kizazi kimeondoka, lakini upungufu wa damu haukuondoka nacho siku ileile, na madini ya chuma huchukua miezi kurudi mwilini. Kizunguzungu ukiwa jikoni unakaa kwenye kigoda, ukiwa kwenye kina kirefu unazama. Omba upimwe damu kabla ya kurudi majini.

Siku ya kwanza ingia kwa ngazi, maji yakufikie kifuani, utembee humo dakika 10 au 15, kisha utoke kwa ngazi. Usiku ule na kesho yake angalia pedi. Ikiwa kavu, rudi siku nyingine na uelee chali ukipiga miguu taratibu. Mtindo wa chura uache kwa baadaye, kwa sababu ule mrusho wa mapaja huvuta nyonga na sehemu za siri. Mtindo wa kipepeo ndio wa mwisho kabisa. Kujirusha kutoka ukingoni kuache hadi daktari akuambie mshono umeshika vizuri, maana maji hupiga kwa nguvu kule chini na tumboni.

Kuhusu mavazi: wengi pwani huingia na dera na leso. Dera likilowa ni zito na hukokotwa na wimbi, nawe unakaza tumbo kulivuta. Vazi la kubana mwili, hata lile la kufunika mwili mzima, ni salama zaidi, bora mpira wa kiunoni usikalie kovu. Ukitoka badilisha nguo upesi, kushinda na nguo mbichi huleta fangasi.

Mimi niko Mwanza. Kwetu ni ziwa.

Hapo shida ni kichocho, na haina uhusiano na kidonda: vimelea hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Ziwa Victoria lina kile cha tumbo. Kile cha mkojo hupatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi, na huweza kukaa ukeni na kusababisha damu ambayo wewe na daktari mtaidhania ni mshono. Umeoga dimbwini ukaja kutokwa damu? Mweleze daktari hilo la dimbwi.

Dalili gani ziniondoe majini mbio?

Damu mbichi inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Maji kumwagika ghafla kutoka ukeni. Kitu kuchomoza au kushuka ukeni: hapo lala chini, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, usikirudishe mwenyewe, upelekwe hospitali. Homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata, maana damu huweza kuganda baada ya upasuaji wa kizazi, na safari ndefu ya basi kwenda pwani huongeza hatari hiyo.

Moja akina mama hulificha: mkojo kuvuja mfululizo, mchana na usiku, wiki za kwanza baada ya upasuaji. Inaweza kuwa fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo hadi ukeni, iliyotokana na upasuaji wenyewe. Inatibika. CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa hospitali zinazofanya kazi hiyo. Tofautisha na matone ya mkojo unapokohoa au kupiga chafya, ambayo hupungua kwa kubana na kuachia misuli ya nyonga, ile ya kuzuia mkojo, kila siku.

Nilitolewa kizazi kwa saratani nikapigwa mionzi. Bahari niisahau?

Usiisahau, ila ratiba yako ni ndefu zaidi, nayo huanza kuhesabiwa baada ya mionzi kuisha na ngozi kupona, kwa ruhusa ya kliniki yako ya saratani. Kama uliondolewa na tezi za limfu za nyonga, mguu unaweza kuvimba miezi au hata miaka baadaye. Kwa mguu wa namna hiyo, kutembea ndani ya maji yasiyo ya moto ni zoezi zuri sana, kwa kuwa uzito wa maji huubana mguu pande zote na kusukuma majimaji yarudi juu. Vaa viatu vya majini: mchubuko wa jiwe au mwiba wa shokomoko, yule mnyama wa baharini mwenye miiba, kwenye mguu huo huingia vijidudu upesi, na ukiona wekundu unapanda, usilale nao.