Kujitolea kwenye asasi ya demokrasia si kuchukua kadi ya chama

Wazazi wengi huamini kwamba kijana akijitolea kwenye asasi ya vijana inayohamasisha demokrasia, tayari ameingia chama fulani. Hofu hiyo ina chanzo: pande zote mbili husikika zikitaja uchaguzi, na zote hupenda fulana.

Kwa Tanzania, sheria imevitenganisha. Vyama vya siasa vina sheria yake, na asasi zisizo za kiserikali zina yao, ya mwaka 2002, ambayo katika tafsiri yake ya asasi inataka isifungamane na chama chochote. Chama kinatafuta kushika dola, yaani kuongoza nchi. Asasi haisimamishi mgombea.

Tofauti huonekana vizuri kwenye elimu ya mpiga kura. Mama mmoja akiuliza, "Sasa mwanangu, tumpe nani?", anayejitolea kihalali hujibu kwamba hilo ni lake mwenyewe, kisha anaendelea kuonyesha jinsi ya kukunja karatasi ya kura. Akitaja jina, hiyo ni kampeni.

Zipo asasi zinazoteleza, tusifichane. Kwa hiyo kabla ya kujiunga, omba kuona cheti cha usajili na katiba ya asasi, kisha ulizia jina lake kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya. Uliza pia fedha zinatoka wapi, na kama ni nauli tu au kuna posho. Ukiambiwa ulete kadi ya chama kwanza, hapo umefika kwingine.