Acheni kunitumia picha za kadi ya majina

Imekuja tena. Msomaji wa mwongozo wangu wa katuni za zamani, unaoorodhesha nani alifanya kazi gani, kasimamisha katuni ya Bugs Bunny kwenye kadi ya mwanzo, ile yenye majina ya waliofanya kazi, kaipiga picha, kanitumia na ujumbe mfupi: "Mwongozo wako umekosea, soma hapo." Hapo, kwenye nafasi ya sauti, pameandikwa Mel Blanc. Mimi nimeandika kwamba sauti ya Elmer Fudd, yule mwindaji anayemwinda Bugs, ni ya Arthur Q. Bryan. Kwa hiyo, kwake yeye, kadi imesema kweli na mimi nimebuni.

Nitajibu mara hii moja, kwa kirefu, na atakayeleta picha nyingine nitamwelekeza hapa.

Katika katuni fupi za Marekani za miaka ya 1930 na 1940, kadi ya majina inakuonyesha nani alikuwa na haki ya kutajwa, au nani bosi aliridhia atajwe. Nani alifanya kazi ni swali lingine. Mwongozo unaonakili kadi na kuishia hapo ni orodha ya mikataba.

Tuanze na huyo Blanc, kwa sababu ndiye chanzo cha nusu ya barua ninazopata. Leon Schlesinger, aliyekuwa akiitengenezea Warner Bros. katuni zake, kwa miaka mingi hakuwa na desturi ya kutaja sauti. Blanc alikuwa Bugs, alikuwa Daffy, alikuwa Porky, na jina lake halikuonekana. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikwenda kuomba nyongeza ya mshahara. Nyongeza akanyimwa, akapewa jina kwenye kadi. Katuni ya kwanza kutoka na jina hilo ni Little Red Riding Rabbit, ya tarehe 4 Januari 1944, iliyoongozwa na Friz Freleng.

Sasa isikilize hiyo katuni, usiitazame, isikilize. Yule binti mwenye kikapu, anayekatiza kila fukuzano kwa kelele zake, ni Bea Benaderet, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa sauti ya Betty Rubble wa The Flintstones. Yule mbwa mwitu mwenye sauti nzito inayotoka tumboni ni Billy Bletcher. Blanc ni Bugs. Sauti kubwa ni tatu, jina ni moja. Katuni ile ile iliyoanzisha desturi ya kumtaja Blanc ndiyo iliyoanza kuwaficha wenzake. Kadi inasema Blanc alitia sauti, na ni kweli alitia. Neno "zote" tumeliongeza sisi.

Bryan ndiye aliyeumizwa zaidi. Alimsemea Elmer tangu 1940 hadi alipofariki mwaka 1959, na tangu 1944 watazamaji walisoma jina la mtu mwingine. Lakini nawaomba pia wale wanaonitetea wasizidishe. Ukiandika "Elmer ni Bryan, daima," umekosea vilevile. Kwenye The Scarlet Pumpernickel ya 1950 Elmer anatokea kidogo tu, na hapo ni Blanc. Baada ya kifo cha Bryan wapo wengine waliomsemea, Blanc akiwemo. Ndiyo maana katika mwongozo wangu sauti inaandikwa katuni kwa katuni. Kuiandika kwa mhusika kunarahisisha kazi na kuharibu matokeo.

Wachoraji nao wana balaa lao. Hapo hapo kwa Schlesinger, kwa miaka mingi kadi ilitaja mchoraji mmoja tu, na nafasi hiyo ilizunguka: leo huyu, katuni ijayo yule. Wenzake kadhaa wa kikosi hicho walichora sekunde nyingi kama yeye au kumzidi, lakini haikuwa zamu yao. A Wild Hare ya 1940 inamtaja Virgil Ross. Anastahili, lakini hakuichora peke yake. Nikisoma mahali "katuni hii ilichorwa na Virgil Ross", natamani kumpigia simu aliyeandika.

Nimeitaja A Wild Hare makusudi, maana inabeba tatizo la pili: kadi ipi? Warner Bros. walianza mwaka 1943 kuzirudisha sinema katuni zao za rangi za zamani, zikiwa na kadi mpya yenye utepe wa buluu. Katika nyingi kati ya hizo majina ya mwongozaji, mwandishi na mchoraji yaliondolewa. Kibaya zaidi, walikata negativu yenyewe, filamu ya asili ambayo nakala zote hutolewa. Hawakutengeneza nakala ya pembeni. Walikata ile ya asili na kubandika kadi mpya. Ndiyo maana kuna katuni ambazo kadi zake za kwanza mpaka leo zinatafutwa kwenye nakala za watu binafsi.

A Wild Hare ilirudi mwaka 1944, na safari hii walichokonoa hata sauti. Kuna pahala Bugs anamziba Elmer macho kwa nyuma na kumwambia abahatishe ni nani. Elmer anataja waigizaji wa kike wa Hollywood. Mwaka 1940 mmoja wao alikuwa Carole Lombard. Lombard alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1942, na katika toleo la marudio jina lake limefutwa, limewekwa la Barbara Stanwyck. Basi mtu anasikia Stanwyck, ananiandikia kwamba nimekosea kuandika Lombard. Ndugu yangu, wewe umetazama toleo la 1944 na unabishana na ingizo la 1940. Wote wawili tumesikia vizuri. Swali la kwanza kabla ya kumsahihisha mtu ni: nakala yako ni ya mwaka gani, na ilipitia mikono ya nani?

Na mikono ilikuwa mingi. Paramount walipouza sehemu ya maktaba yao ya katuni kwa ajili ya televisheni mwaka 1955, kampuni iliyonunua, UM&M, ilibandika kadi zake mwanzoni na mwishoni. Katuni nyingi za Betty Boop mnazoziona, zilizokuwa kwenye maktaba hiyo, zinafunguka kwa kadi hizo. Ukiniletea picha yake kama ushahidi wa mwaka 1932, umeniletea ushahidi wa chumba cha kuhariri cha miaka ya 1950.

Studio nyingine nazipitia haraka. Fleischer: kila katuni imeandikwa Dave Fleischer kuwa mwongozaji, ilhali kazi tunayoiita uongozaji mara nyingi ilifanywa na mchoraji anayetajwa kwanza. Disney: katuni zao nyingi za miaka ya 1930 zina jina la Walt tu; kujua kwamba Three Little Pigs ya 1933 iliongozwa na Burt Gillett, kadi haikusaidii. MGM: Puss Gets the Boot ya 1940, ambamo Tom kwa mara ya kwanza anaonekana akiitwa Jasper, imeandikwa Rudolf Ising. Walioiongoza ni William Hanna na Joseph Barbera, na majina yao hayamo. Tom na Jerry waliowakuza nusu yetu mbele ya televisheni walizaliwa chini ya jina la mtu mwingine! Baadaye mfululizo huo ukashinda tuzo saba za Oscar, na aliyezipokea kama mtayarishaji ni Fred Quimby.

Sasa upande ambao mwongozo wangu nao hauniridhishi. Mwongozaji Tex Avery aliondoka kwa Schlesinger mwaka 1941 akaacha kazi mezani. The Cagey Canary na Crazy Cruise zilimaliziwa na mwongozaji mwenzake Bob Clampett, na hazina jina la mwongozaji. Nimewaandika wote wawili, kwa alama ya mkwaju (/) katikati. Mkwaju huo unaonyesha kama kwamba waligawana nusu kwa nusu, na hilo silo ninalotaka kusema. Kumwandika Avery peke yake kunamnyima Clampett. Kumwandika Clampett peke yake ni upuuzi. Nimebadilisha ingizo hilo zaidi ya mara moja na bado linanikera.

Halafu kuna utambuzi wa wachoraji kwa jicho. Disney waliacha karatasi zinazoonyesha kila tukio alipewa nani. Hizo ni dhahabu. Mahali ambapo karatasi hazipo, tunatazama mkono: Rod Scribner anavyovuta nyuso hadi zikunjamane, Robert McKimson anavyomjenga mhusika imara kama wa udongo. Ninaamini jicho langu kwa hao wawili. Kwa wachoraji waliofanya kazi kikosi kimoja miaka mingi na kuigana mikono, jicho linabahatisha, na miongozo mingi, wangu ukiwemo, imechapisha ubahatishaji huo kwa wino ule ule wa mambo yaliyothibitika. Nimeanza kuweka nyota kando ya kila jina lililotokana na jicho tu. Kurasa za Clampett zimeshajaa nyota.

Mkitaka kunisahihisha, karibuni sana. Nileteeni nakala yenye kadi za kwanza, hati ya studio, au gazeti la biashara ya sinema la wiki katuni ilipotoka, na mniambie mmetazama toleo la mwaka gani.