Muuaji si lazima awe kwenye orodha: dhana potofu kuhusu gemu za upelelezi wa mauaji

Criminal Case ilianza kuchezwa Facebook mnamo Novemba 2012. Iliundwa na kampuni ya Pretty Simple ya jijini Paris, na mwaka uliofuata Facebook wakaitangaza kuwa gemu bora ya mwaka. Baadaye ikahamia kwenye simu, na wengi tukaizoea huko. Maiti inapatikana, unapekua eneo la tukio, unakusanya nyota, unapeleka vitu maabara, unasubiri saa kadhaa au unalipa ili usisubiri. Sifa za muuaji zinaanza kujipanga moja baada ya nyingine: anavuta sigara, ana damu ya kundi fulani, ana umri fulani. Mwisho unaletewa washukiwa watano, unamchagua mmoja, na kesi imefungwa.

Ni gemu tamu. Ila gemu za aina hii zimetuachia imani ambazo tunazibeba hadi kwenye kesi halisi. Taarifa ya habari ikitaja mauaji ambayo hayajapata majibu, mtu anauliza, "Kwani wameshindwa kupima vinasaba tu?" Akikamatwa mtu na ikatajwa kwamba alama zake za vidole zimepatikana, basi kwetu ameshahukumiwa. Upande mmoja kuna familia inayosubiri haki, na upande wa pili huenda kuna mtu asiye na kosa. Kwa hiyo inafaa tuzipitie imani hizo.

Dhana: Kompyuta ya maabara hutaja jina la mwenye alama za vidole

Kwenye gemu, unapuliza unga, alama inatokea, unaipeleka kwenye mashine, picha na jina vinajitokeza. Katika maisha ya kweli mashine haitaji jina moja. Inatoa orodha ya watu ambao alama zao zinafanana na ile iliyookotwa, kisha binadamu anakaa na lenzi na kulinganisha mistari, matawi na ncha zake, na kutoa uamuzi wake. Alama yenyewe mara nyingi ni nusu, imeburuzwa, au imekaa juu ya nyingine.

Machi 2004, mabomu yaliyolipuliwa kwenye treni za Madrid yaliua zaidi ya watu 190. Polisi wa Hispania walipata alama kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu, wakaisambaza kwa nchi nyingine. Mashine ya FBI ilitoa orodha ya watu 20, na wataalamu wa FBI wakaamua kwamba alama ni ya wakili mmoja wa Oregon, Marekani. Hata mtaalamu wa nje aliyeteuliwa na mahakama alikubaliana nao. Wakili huyo alishikiliwa kwa wiki mbili, mpaka Wahispania walipoihusisha alama hiyo na raia wa Algeria. FBI wakaomba radhi hadharani.

Kilichofuata kinanisumbua zaidi ya kosa lenyewe. Mwaka 2006, mtafiti Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio dogo. Waliwapa wataalamu watano jozi za alama, wakawaambia ni zile za kesi ya Madrid zilizokosewa. Kwa kweli, kila mmoja alikuwa amepewa alama ambazo yeye mwenyewe, miaka kadhaa nyuma, alizithibitisha kuwa za mtu mmoja. Ni mmoja tu aliyeshikilia uamuzi wake wa zamani. Watatu walisema hazilingani, na wa nne akasema hawezi kuamua. Vidole havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maneno waliyoambiwa kabla ya kutazama.

Dhana: Alama za vidole zinaweza kukosewa, lakini vinasaba havikosei

Kati ya vipimo vyote vya jinai, vinasaba ndivyo vyenye msingi imara zaidi. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ya mwaka 2009 ilisema hivyo waziwazi, na ikakosoa vikali njia nyingine nyingi. Na tangu Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alipogundua mbinu hii mwaka 1984, kazi yake ya kwanza kubwa katika kesi ya mauaji Uingereza ilikuwa kumwokoa kijana aliyekiri kosa ambalo hakulifanya, kabla haijamnasa muuaji mwenyewe. Gemu hazikumbuki hilo: kipimo hiki kilianza kwa kumsafisha mtu.

Lakini vinasaba vinajibu swali moja tu, nalo ni: chembe hizi ni za nani? Havisemi zimefikaje pale, wala lini. Polisi wa Ujerumani walilipa gharama kubwa kulielewa hilo. Kwa miaka mingi waliwinda mwanamke ambaye vinasaba vyake vilipatikana katika matukio karibu 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi, uvunjaji wa nyumba. Alipouawa askari polisi wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007, vinasaba hivyo vilipatikana tena, na zawadi ya kumpata mwanamke huyo ikafika euro 300,000. Mwaka 2009 ikabainika kwamba hakuna mwanamke kama huyo. Vijiti vya pamba vilivyotumika kuchukulia sampuli vilikuwa na chembe za mfanyakazi wa kiwandani. Vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakufuti vinasaba. Na waliomuua yule askari hawakuanza kujulikana hadi mwaka 2011.

Ningependa kuona gemu yenye kesi kama hiyo, ambamo kila kipimo kinakupa jibu sahihi na bado unapotea, kwa sababu kifaa chako mwenyewe kilikuwa kichafu.

Dhana: Paking'aa rangi ya bluu, pana damu

Luminoli, kemikali inayopulizwa ili kutafuta damu, imependwa sana na watengenezaji wa gemu. Gemu ya Ace Attorney, kwenye kesi iliyoongezwa katika toleo la mwaka 2005, inakupa chupa yake upulize mwenyewe. Na ni kweli kwamba inang'aa ikikutana na chuma kilichomo kwenye damu, hata iliyosuguliwa. Lakini inang'aa pia ikikutana na jiki, na shaba, na baadhi ya mboga za mizizi. Mng'ao wake hudumu kwa sekunde chache, tena gizani tu. Maabara huichukulia kama dokezo la kuwaelekeza wapi pa kutafuta, na baada yake lazima kipimo kingine kithibitishe.

Dhana: Daktari akiitazama maiti anajua saa ya kifo

"Alikufa kati ya saa tatu na saa nne usiku." Sentensi hii imefunga kesi nyingi za kwenye skrini kwa kumwondoa mshukiwa mwenye ushahidi wa mahali alipokuwa.

Mwanapatholojia anatazama mambo matatu ya awali. Kwanza mwili kupoa, ambao kwa kanuni ya vitabu hupungua chini kidogo ya nyuzi moja kwa saa. Pili kukakamaa, ambako huanza saa chache baada ya kifo, hukamilika karibu na saa ya 12, kisha huachia. Tatu damu kutuama upande wa chini. Yote haya yanategemea nguo, unene wa mwili, upepo, sakafu, homa aliyokuwa nayo marehemu, na hali ya hewa. Kanuni hizo za vitabu zilitoka zaidi kwenye nchi za baridi. Mwili ukilala nje mchana wa Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, joto la hewa likiwa juu ya nyuzi 30, unapoa taratibu mno, na kipimajoto hakikusaidii sana. Kukakamaa nako huja upesi na kuondoka upesi. Daktari mwaminifu atakupa makadirio mapana ya saa nyingi, na mpelelezi ataifinya saa hiyo kwa njia nyingine: nani alimwona mara ya mwisho, alipiga simu lini, alikula nini.

Dhana: Mwongo anajulikana usoni

L.A. Noire, iliyotoka mwaka 2011, iliijenga gemu nzima juu ya imani hii. Kampuni ya Team Bondi ya Sydney ilirekodi nyuso za waigizaji kwa kamera 32 kwa mpigo, ili mchezaji amtazame shahidi na kuamua kama anasema kweli, wa kumshuku, au mwongo. Kiufundi ni kazi ya kutukuka. Lakini waigizaji wale wanaigiza mtu anayedanganya, na wanataka uone: macho yanakimbia, mate yanamezwa.

Mwaka 2006, Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi zilizopima uwezo wa watu kutofautisha ukweli na uongo bila msaada wowote. Wastani ulikuwa asilimia 54, na kurusha shilingi kungekupa 50. Mtu mwenye hofu anayesema kweli kituoni hutetemeka kama mwongo.

Dhana: Muuaji yumo kati ya washukiwa uliopewa

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na hatuioni kwa sababu imejificha ndani ya umbo la gemu lenyewe. Orodha ina watu watano. Mmoja wao ni muuaji. Ukikosea unaambiwa, unachagua tena. Hata bila ushahidi, ukiwachagua wote kwa zamu utampata. Hakuna mpelelezi duniani aliyewahi kupewa orodha ya namna hiyo. Marekani kwenyewe, pamoja na maabara zao zote, karibu nusu ya mauaji ya mwanzoni mwa miaka ya 2020 yalibaki bila kupatiwa ufumbuzi.

Na eneo la tukio halikuambii kwamba umelimaliza. Ndani ya L.A. Noire, muziki unapiga ukiwa bado hujapata vielelezo vyote, na ukivipata vyote unanyamaza. Kazini hakuna muziki, na uamuzi wa kuondoka na kukunja utepe unaufanya mwenyewe.

Lakini gemu hiyohiyo ndiyo iliyoligusa jambo hili kwa ujasiri kuliko nyingine ninazozijua. Ambaye hajaicheza na anapanga kuicheza aruke aya mbili.

Hadithi yake iko Los Angeles, mwaka 1947, mwaka ambao mwili wa Elizabeth Short, aliyeitwa na magazeti Black Dahlia, uliokotwa kwenye kiwanja kitupu. Kesi hiyo ya kweli haijapata jibu hadi leo. Mpelelezi Cole Phelps anapohamia kitengo cha mauaji, anakutana na kesi za wanawake wanaouawa mmoja baada ya mwingine. Katika kesi iitwayo The Golden Butterfly kuna wanaume wawili mbele yako: Hugo Moller, mume wa marehemu, aliyekutwa akichoma viatu vyenye damu, na Eli Rooney, mtu mwenye rekodi chafu ya kudhuru watoto. Vielelezo vinawagusa wote wawili. Mkuu wako, Kapteni Donnelly, anamtaka Rooney, kwa kuwa mtu kama huyo jiji halitamlilia. Ukimshtaki yeye, unapongezwa. Ukimshtaki mume, unakaripiwa.

Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeua. Muuaji ni mtu mwingine kabisa, anayepandikiza vielelezo ili viokotwe na mpelelezi hodari kama wewe. Wewe umefuata kanuni zote, umepata nyota zako, na umempeleka asiyehusika kwenye njia ya chumba cha gesi. Wachezaji wengi walikasirika kwamba sehemu hii haiwapi njia ya kushinda. Mimi naiona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote za gemu hiyo, maana inafanya kitu ambacho jaribio la Dror lilikionyesha maabara: inakuambia mapema nani wa kumshuku, kisha inakuacha uone vielelezo vikijipanga upande huo vyenyewe.

Dhana: Ukishaokota kielelezo, kazi imekwisha

Mhusika wa gemu anatia kisu mfukoni na kuendelea na safari. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba kielelezo kinatakiwa kiwe na kumbukumbu ya maandishi inayofuatana: nani alikikamata, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, nani alikipima. Wakili wa utetezi anaanzia hapo. Pakikosekana maelezo ya siku mbili tu kati ya kituo cha polisi na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisu chenye damu kinaweza kupoteza nguvu yake yote, hata kama ndicho kilichoua.

Dhana: Basi gemu hizi ni upotoshaji mtupu

Hapana, na hapa nazitetea kwa moyo wote. Tunasikia sana kwamba burudani za upelelezi zimewafanya wazee wa baraza wa Marekani, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, waachie wahalifu kwa kudai vipimo vya ajabu. Jaji Donald Shelton wa Michigan aliwahoji 1,027 walioitwa kwa kazi hiyo mwaka 2006. Matarajio yao yalikuwa makubwa kweli, lakini hakupata uthibitisho kwamba burudani hizo zinabadilisha hukumu kwa kiasi ambacho watu walidhani.

Tena zipo zinazofundisha kufikiri. Ndani ya L.A. Noire, mtaalamu anayekutana nawe penye maiti anaitwa Ray Pinker, jina la mkemia halisi wa polisi wa Los Angeles, jiji lililoanzisha maabara ya polisi ya kwanza Marekani mwaka 1923. Na kuna Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, ya mwaka 2018. Haina maabara wala unga wa vidole. Unapanda meli iliyorudi bandarini bila watu wake, na kazi yako ni kubaini hatima ya watu 60: ni nani, alikufaje, nani alimuua. Haikupi orodha ya watano, na haithibitishi jibu lolote mpaka uwe na matatu sahihi kwa pamoja, hivyo kubahatisha kunakuwa kugumu sana. Unajikuta ukirudi kutazama soksi za baharia, namba ya kitanda chake, lugha aliyotamka dakika ya mwisho, na jina uliloliandika kwa uhakika saa moja iliyopita unalifuta.