Kupanga safari ya Venice: anzia na mahali pa kulala

Wengi huanza na orodha ya makanisa na makumbusho. Mimi hushauri uanze na chumba, kwa sababu katika mji usiopitisha gari wala pikipiki, unapolala ndipo panapoamua utachoka kiasi gani na utatumia fedha ngapi.

Soma tangazo vizuri. Hoteli nyingi za bei nafuu ziko Mestre, upande wa bara. Treni kutoka huko hadi Santa Lucia, stesheni ya Venice yenyewe, huchukua kama dakika 10, kwa hiyo si balaa, ila utakosa alfajiri na usiku, saa ambazo vichochoro viko wazi na mji unapendeza kuliko wakati wowote. Ukimudu chumba Cannaregio au Castello, maeneo ya ndani ya mji wenyewe, ongeza hiyo fedha.

Kabla ya kulipa, waulize wenyeji wako mambo mawili: kituo cha boti kilicho karibu, na idadi ya madaraja kutoka hapo hadi mlangoni. Karibu kila daraja ni ngazi za kupanda na kushuka, na sanduku la kilo 23 utalibeba mkononi. Ulizia pia jina la kichochoro. Anwani kama "Castello 4312" haikufikishi popote, maana namba huhesabiwa kwa eneo zima, na mji mzima una maeneo sita tu.

Tiketi moja ya vaporetto, boti ya abiria, ni euro 9.50 kwa dakika 75. Ya saa 24 ni euro 25. Ukipanda mara tatu kwa siku, ya saa 24 imeshakulipa. Igusishe kwenye mashine kila unapopanda, la sivyo utatozwa faini ingawa umenunua. Boti za Alilaguna za uwanja wa ndege zina tiketi yake. Gondola bei yake rasmi mchana ni euro 90 kwa nusu saa, kwa chombo kizima, si kwa kila kichwa.

Tangu 2024, siku fulani za msimu wageni wa kutwa hulipa kiingilio. Mwaka 2025 kilikuwa euro 5, au 10 kwa aliyechelewa kulipia. Anayelala hotelini, hata Mestre, halipi, lakini anatakiwa kujisajili mtandaoni kupata msimbo wa QR.

Maji ya bahari hujaa hadi mitaani hasa Oktoba hadi Januari. Milango ya MOSE ya kuzuia bahari, 78 kwa jumla, inafanya kazi tangu 2020, lakini kwa kawaida huinuliwa maji yakitabiriwa kufika sentimita 110 hivi. Uwanja wa San Marco huanza kulowa kabla ya hapo, kwa hiyo usidharau viatu vya mpira.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen: maombi yasizidi miezi 6 kabla ya safari wala kupungua siku 15, pamoja na bima ya angalau euro 30,000. Ubalozi utataka uthibitisho wa malazi, kwa hiyo shika chumba kinachoruhusu kughairi bila kukatwa fedha.