Maumivu Yakiisha, Matibabu ya Mzizi wa Jino Hayajaisha

Kila ifikapo Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, wananchi hujitokeza kwa wingi kupimwa, na idara yetu huitumia fursa hiyo kusikiliza malalamiko. Lalamiko linalojirudia sana kwa sasa ni la mgonjwa aliyetibiwa mzizi wa jino, akalipa fedha nyingi, kisha baada ya miezi kadhaa jino likapasuka na kung'olewa, naye akabaki akiamini kwamba alidanganywa. Hatukatai kwamba yapo makosa ya wataalamu, na utaratibu wa kuyashughulikia umeelezwa hapa chini. Hata hivyo, tunapofungua majalada ya wagonjwa hao, mara nyingi tunakuta mahudhurio yaliishia siku maumivu yalipokoma, na miadi ya kujengewa jino au kuvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, haikutimizwa.

Matibabu haya hufanyika pale kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu, kinapokuwa kimekufa au kimevimba kiasi cha kutoweza kupona. Daktari hutia ganzi, hulitenga jino kwa mpira maalumu ili mate yasiingie na dawa isimwagikie kooni, hulitoboa kwa juu, kisha husafisha mifereji ya mizizi kwa vijisindano vya kukwangulia na dawa ya maji yenye klorini, kabla ya kuijaza utomvu uitwao gata-pacha. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu au zaidi, na la juu mara nyingi lina minne, mmoja wao ukiwa mwembamba kiasi cha kujificha, ndiyo maana gego huchukua muda mrefu kuliko jino la mbele. Picha za eksirei hupigwa kabla ya kazi, wakati mwingine katikati yake ili kupata urefu wa mfereji, na baada ya kujaza. Hatuzirudii ili kuongeza gharama, kama tunavyoambiwa mara kwa mara dirishani.

Inasemwa pia kwamba jino lililotibiwa mzizi hukauka, ndiyo maana huvunjika. Tofauti ya unyevu kati yake na jino zima ni ndogo mno kuweza kuleta madhara hayo. Udhaifu wake unatokana na sehemu iliyopotea: kwanza uozo ulilitafuna, halafu daktari akalazimika kutoboa njia ya kufikia mizizi, na kilichobaki ni kuta nyembamba ambazo kila tonge gumu huzisukuma kwa nje. Ukilishika mkononi gego lililopasuka namna hiyo, utaona vipande viwili, ufa ukiwa umeshuka kutoka katikati ya sehemu ya kutafunia hadi kwenye mzizi, na ndani yake ule utomvu wa rangi ya waridi bado umekaa sawasawa mahali ulipojazwa. Kazi ya mizizi haikuwa na kasoro. Ufa ukishashuka kwenye mzizi chini ya fizi, kwa kawaida hakuna njia ila kung'oa.

Kwa sababu hiyo gego lililotibiwa mzizi, isipokuwa pale daktari atakapoona kuta zake bado ni imara, linapaswa kuvikwa kofia inayolifunika lote. Jino la mbele ambalo halijapoteza sehemu kubwa huweza kutosheka na kuzibwa vizuri. Takwimu za bima ya meno za Marekani zilizochapishwa mwaka 2004, zikihusu meno zaidi ya milioni 1.4, zilionyesha kuwa asilimia 97 ya meno yaliyotibiwa mzizi yalikuwa bado mdomoni baada ya miaka 8, na kati ya yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia. Takwimu hizo si za hapa kwetu, lakini tunachokiona kliniki kinaelekea huko huko.

Dawa nyeupe ya kuziba kwa muda, ambayo wagonjwa wengi huichukulia kuwa ndiyo mwisho wa kazi, imewekwa kwa ajili ya siku au wiki chache tu. Ikiisha au ikidondoka, mate na bakteria hupenya hadi kwenye mizizi iliyokwisha safishwa, na kazi nzima hurudiwa kwa gharama nyingine. Ikidondoka kabla ya tarehe ya miadi, rudi kituoni siku hiyo au kesho yake bila kusubiri maumivu, kwa kuwa jino hilo halina tena neva ya kukuonya kwamba linaoza. Mpaka litakapovikwa kofia, tafunia upande mwingine, na uachane na mifupa, barafu, miwa na tabia ya kufungua soda kwa meno, tabia ambayo hata mwenye meno 32 kamili hana sababu ya kuwa nayo. Usafishaji kwa mswaki na uzi wa meno uendelee kama kawaida.

Maumivu madogo wakati wa kuuma kwa siku kadhaa baada ya matibabu ni ya kawaida. Uvimbe unaoongezeka, homa, shida ya kumeza au kushindwa kufungua kinywa ni dharura, na mgonjwa afike hospitali usiku huo huo. Dukani asiende. Amoksilini inayonunuliwa bila cheti haiwezi kufika ndani ya jino ambalo mishipa yake ya damu imeshakufa. Inachofanya ni kutuliza uvimbe kwa muda na kuwazoesha bakteria dawa. Hili tumelieleza miaka nenda rudi, na bado wagonjwa hufika wakiwa wamekwisha kumeza dozi mbili au tatu.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza gharama yote pamoja na kofia, na mwenye bima athibitishe kwa maandishi iwapo kifurushi chake kinaigharamia, kwa kuwa kibali cha kutibu mzizi si kibali cha kofia. Hakikisha kadi yako imeandikwa namba ya jino (gego la kwanza la chini kushoto, kwa mfano, ni namba 36), tarehe ya kila hudhurio na tarehe ya eksirei ya ufuatiliaji, ambayo hupigwa baada ya mwaka mmoja hivi, kwani mfupa ulioliwa na usaha hujijenga polepole.

Mwenye malalamiko aanzie kwa uongozi wa kituo, kwa maandishi, akiambatisha nakala ya kadi, stakabadhi na picha. Asiporidhika, awasilishe nyaraka hizo hizo kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi lina mamlaka ya kumwita mtaalamu kujieleza, kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari la usajili. Kutibu meno bila usajili na leseni hai ni kosa la jinai, na hilo linawahusu pia vishoka wanaopita mitaani wakidai kutoa wadudu kwenye meno. Aliyetibiwa na mtu wa namna hiyo hatakuwa na kadi wala stakabadhi ya kuambatisha, hivyo taarifa yake aipeleke polisi.