BSP haichomwi kwenye kadi

Sentensi iliyonisukuma kuandika haya ni fupi: "Nimechoma BSP kwenye kadi ya SD lakini bodi haiwaki." Nimeisikia kwa namna mbalimbali, kutoka kwa wanaojifunza na kutoka kwa wahandisi wenye uzoefu, na kila mara anayetaka kusaidia hulazimika kwanza kuuliza ni nini hasa kilichochomwa, kwa sababu BSP si kitu kinachochomwa kwenye kadi. Kinachochomwa, yaani kinachoandikwa kwenye kadi, ni imeji.

BSP, yaani Board Support Package, ni mkusanyiko wa msimbo na mipangilio unaouwezesha mfumo wa uendeshaji kuanza na kufanya kazi kwenye bodi moja mahususi. Kwa upande wa Linux kwenye mifumo iliyopachikwa (kompyuta ndogo zilizomo ndani ya vifaa), ndani yake huwa mna programu ya kubuti iliyorekebishwa kwa ajili ya bodi hiyo, mipangilio ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), mti wa vifaa (maandishi yanayoieleza kerneli maunzi yaliyopo), viendeshi ambavyo havijaingia kwenye kerneli kuu, na mara nyingine programu ndogo zinazopakiwa ndani ya vifaa kama chipu ya Wi-Fi. Imeji ni faili linalopatikana baada ya malighafi hiyo kuunganishwa na programu nyingine zote na kujengwa. Maana ni hiyo, wala haina ugumu. Ugumu umo katika herufi tatu zenyewe, kwani kila moja inasomwa vibaya kwa namna yake.

Kifupisho hiki kinahusishwa na Hunter & Ready, kampuni ya Marekani iliyotengeneza VRTX, mfumo wa uendeshaji wa wakati halisi, na matumizi yake yanarudishwa hadi mwaka 1981. Kampuni hiyo ilihitaji jina la ile sehemu ya programu inayotegemea maunzi, ambayo bila hiyo VRTX isingeweza kufanya kazi kwenye kompyuta fulani, ili sehemu hiyo itofautishwe na VRTX yenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo jina hili lilikuwa mpaka: upande mmoja mfumo, upande wa pili yote yanayoijua bodi. Anayeiita imeji nzima BSP anaufuta mpaka uleule ambao jina liliwekwa kuuchora, na hilo ndilo linalonikera kuliko kosa la msamiati.

Herufi ya mwisho, ile ya kifurushi, nitaipita haraka. Watumiaji wa Linux wamezoea kifurushi kiwe faili moja linalosakinishwa kwa amri moja, kama lile la .deb, kwa hiyo wanaposikia kwamba BSP ni kifurushi wanatarajia kupakua faili. Wanachokuta ni hazina ya git, yaani ghala la msimbo, yenye folda nyingi, au hazina kadhaa. Na kwa wanaotumia Yocto, zana ya kujengea mifumo ya Linux, ni tabaka, yaani folda ya maelekezo ya ujenzi, ambalo jina lake kwa desturi huanza na meta-.

Herufi ya katikati ina tatizo la tafsiri. Tukiiita "msaada wa bodi", msomaji anawaza huduma kwa wateja, au kitu cha ziada kinachokuja kusaidia mambo yanapokwama. Maana iliyokusudiwa ni ile tunayoitoa tunaposema kwamba mfumo unaimudu bodi, yaani una kila kinachohitajika ili kuiendesha. Bila BSP, Linux haipungukiwi msaada, haiamki kabisa. Ndiyo maana, nikilazimika kutafsiri, napendelea "kifurushi cha kuimudu bodi", ingawa najua kwamba kwenye mazungumzo ya kazi sote tutaendelea kusema BSP.

Herufi ya kwanza ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kompyuta ya mezani ikiwashwa, mfumo wa uendeshaji hukabidhiwa majedwali ya ACPI yanayoeleza maunzi, na vifaa vilivyo kwenye PCI na USB hujitambulisha vyenyewe kwa namba zao vinapoulizwa. Bodi nyingi za mifumo iliyopachikwa hazina utaratibu huo. Kihisi cha joto kilichounganishwa kwa I2C, njia ya waya ya kuunganishia vifaa vidogo, hakijitambulishi. Ni lazima kerneli iambiwe kwamba kipo, kwamba kiko kwenye njia ya I2C namba fulani, kwenye anwani 0x48, na kwamba kikitaka kuita hutumia pini fulani. Maarifa hayo ni lazima yaandikwe mahali na mtu aliyeuona mchoro wa saketi ya bodi hiyo.

Zamani, kwa vichakataji vya ARM, yaliandikwa katika mafaili ya C ndani ya kerneli yenyewe, faili baada ya faili kwa bodi baada ya bodi, hadi mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipolalamika hadharani kuhusu msongamano huo. Baada ya hapo ARM ikahamia kwenye mti wa vifaa, utaratibu uliokuwa tayari unatumika kwenye vichakataji vya PowerPC na ambao asili yake ni Open Firmware. Mti wa vifaa ni maandishi yanayoeleza maunzi, na kabla ya kukabidhiwa kerneli hukusanywa na programu iitwayo dtc kuwa faili la .dtb.

Anayetaka kuona tofauti ya chipu na bodi kwa macho yake afungue mafaili hayo mawili mawili. Faili la chipu, linaloishia na .dtsi, huorodhesha kila UART (njia ya kutuma na kupokea maandishi) na kila I2C iliyomo ndani ya silikoni, na nyingi kati ya hizo huandikwa status = "disabled". Faili la bodi, linaloishia na .dts, hulijumuisha lile la kwanza na kisha kuchagua: UART hii iwe status = "okay", kwa sababu pini zake zimefikishwa kwenye kiunganishi; ile ibaki ilivyo, kwa sababu aliyeichora bodi amezitumia pini zake kwa kazi nyingine. Faili la kwanza linaeleza kinachowezekana, la pili linaeleza kilichopo. Herufi B inasimamia faili la pili.

Niliwahi kukaa jioni nzima na mwenzangu aliyeamini kwamba, kwa kuwa chipu ni ileile, imeji itakuwa ileile. Alikuwa amechukua imeji iliyojengwa kwa ajili ya bodi ya majaribio na kuiweka kwenye bodi nyingine yenye chipu hiyohiyo. Konsoli ya UART, kwa kasi ya 115200, ilitoa mstari mmoja tu unaoanza na U-Boot SPL, ukiwa na toleo na tarehe ya ujenzi, kisha kimya. Tulibadilisha kadi, tukabadilisha kebo ya umeme, mstari ukabaki uleule. SPL ni hatua ya kwanza ya U-Boot, ambayo ni programu ya kubuti, na kazi yake kubwa ni kuiamsha DRAM, yaani kumbukumbu kuu, kwani kabla ya hapo chipu ina kumbukumbu ndogo ya ndani tu. Na thamani za kupanga nyakati za DRAM zilizomo ndani ya SPL ile zilikuwa za kumbukumbu za bodi ya majaribio, si za bodi iliyokuwa mezani. Tulipoijenga upya kwa thamani sahihi, U-Boot ilifika mwisho na kerneli ikaamka, lakini mtandao wa waya ukabaki umekufa, kwa sababu kwenye bodi hii chipu ya Ethernet iko kwenye anwani nyingine ya MDIO, njia inayotumika kuidhibiti, na inaamshwa kwa pini nyingine. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo lililotokana na chipu kuu.

Najua kwamba watengenezaji wa chipu nao hutoa wanachokiita BSP ya chipu yao. Siwalaumu, lakini ukiifungua utakuta ni BSP ya bodi zao za majaribio, ambayo sehemu yake kubwa, ile inayohusu silikoni, inaweza kuazimwa na yeyote anayetumia chipu hiyo. Kuazima ni mwanzo wa kazi. Sehemu inayobaki, yaani kumbukumbu, vidhibiti vya umeme, pini na viunganishi, huandikwa na mwenye bodi.

Neno imeji nalo halina budi kusemewa kidogo, kwa sababu kulitafsiri "picha" kumewapotosha wengi. Hapa lina maana ya nakala ya diski, baiti kwa baiti, pamoja na nafasi zilizo wazi. Ndiyo maana haitoshi kunakili mafaili kwenye kadi na kutumaini kwamba bodi itabuti. Msimbo uliochongwa ndani ya chipu kiwandani huitafuta hatua inayofuata mahali maalumu: chipu nyingi za Allwinner huanza kuitafuta SPL KiB 8 (KiB moja ni baiti 1024) kutoka mwanzo wa kadi, ilhali i.MX6 huitafuta hatua hiyo kwenye KiB 1. Nafasi hiyo haionekani unapoifungua kadi kwenye kompyuta, kwa sababu iko nje ya sehemu zenye mafaili. Mpangilio huo huandikwa kwenye BSP, imeji hujengwa kwa kuufuata, na hapo ndipo uhusiano wa vitu hivi viwili unapoonekana waziwazi. Ni vyema pia kukumbuka kwamba kerneli peke yake huitwa imeji, na mafaili yake yana majina kama Image na zImage, kwa hiyo hata anayetumia neno sahihi anapaswa kusema ni imeji ya nini.

Yocto imeuweka mpaka huu wazi kuliko zana nyingine ninazozijua. Bodi huchaguliwa kwa kigeugeu cha MACHINE, ambacho maelezo yake yamo katika folda ya conf/machine ya tabaka la BSP. Sera za mfumo mzima, kama vile aina ya init (programu ya kwanza kuanzishwa na kerneli), huchaguliwa kwa DISTRO. Na orodha ya programu zitakazoingizwa hutokana na jina la imeji unayoiomba, kwa mfano bitbake core-image-minimal. Badilisha MACHINE kutoka qemuarm64 kwenda bodi nyingine bila kugusa mengine, na BitBake, programu ya Yocto inayofanya ujenzi, itakujengea imeji ya jina lilelile katika folda nyingine chini ya tmp/deploy/images. Kwenye Buildroot, zana nyingine ya kujengea, mambo hayo matatu hukaa pamoja ndani ya faili moja la mipangilio liitwalo defconfig, na nadhani baadhi ya wanaochanganya maneno walianzia huko. Zana ni nzuri, ila haimlazimishi mtumiaji kuuona mpaka.

Kwa hiyo ndugu yangu ambaye bodi yake haiwaki aseme kwamba amechoma imeji ya core-image-minimal, ataje MACHINE iliyojengewa, ataje tabaka la BSP lilikotoka pamoja na tawi lake, kisha anakili mstari wa mwisho uliotokea kwenye konsoli. Sentensi itakuwa ndefu kuliko "nimechoma BSP", lakini atakayeisoma ataanza moja kwa moja kuutafuta ugonjwa.