Je, wajua setilaiti hujuaje kwamba malisho yamekauka?

Ukimuuliza mfugaji wa Marsabit hali ya malisho, atatazama mbavu za ng'ombe wake, atakumbuka mwendo uliopo siku hizi kati ya boma na nyasi, kisha atakujibu. Setilaiti haioni mbavu. Zile za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 hupita kilomita 786 juu yetu, na nukta moja ya picha yake, yaani pikseli, ni mraba wa mita 10 kwa 10. Ng'ombe mzima humezwa ndani ya pikseli hiyo asionekane. Pamoja na hayo, iko bima ya mifugo kaskazini mwa Kenya inayolipa fidia kwa kusoma takwimu za setilaiti tu, bila mtu kutumwa kuhesabu mizoga.

Wengi hudhani setilaiti "inaona kijani". Kijani peke yake ni kipimo kibovu. Jani bichi hurudisha takriban sehemu moja tu kwa kumi ya mwanga wa kijani unaolipiga, na paa la mabati lililopakwa rangi ya kijani linaweza kurudisha zaidi ya hapo. Kinachopimwa hasa ni tofauti kati ya mianga miwili: mwekundu, ambao jani hula, na infraredi ya karibu, isiyoonekana kwa jicho, ambayo jani hutema.

Tuanze na unaoliwa. Klorofili ndani ya jani hunyonya mwanga wa buluu na mwekundu ili kuendesha usanisinuru. Katika mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 665 hivi, jani lenye afya hurudisha asilimia chache tu. Ukisogea kidogo nje ya uwezo wa jicho la binadamu, kwenye nanomita 842, mambo hugeuka. Nishati ya mwanga huo ni ndogo mno kwa klorofili kuifanyia kazi, kwa hiyo hupita bila kuguswa hadi katikati ya jani, kwenye tabaka la seli zilizoachana kama sponji, zenye mifuko ya hewa katikati. Hapo mwanga hugonga ukuta wa seli, huingia kwenye hewa, hugonga ukuta mwingine, na mwishowe karibu nusu yake hurudi juu. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutokea upande wa pili na kuliangukia jani la chini, ambalo nalo hurudisha sehemu yake. Ndiyo maana majani yakiwa matabaka matabaka, infraredi inayorudi angani huongezeka.

Ukitaka kuhakikisha, huhitaji maabara. Chukua jani bichi la mgomba, zungushia kichwa cha rimoti ya televisheni kwa tabaka moja, elekeza na ubonyeze. Televisheni itasikia, kwa sababu taa ya rimoti hutoa infraredi ya nanomita 940 hivi na jani halina habari nayo. Sasa ondoa jani, funga mahali palepale kwa karatasi ya foili: kimya. Angalia tu foili isiache upenyo, maana infraredi hudunda ukutani na kuifikia televisheni kwa njia ya pembeni.

Mmea ukianza kufa, klorofili huvunjika na mwanga mwekundu ukakosa wa kuula, hivyo hurudi kwa wingi. Ndiyo manjano tunayoyaona. Majani yakisinyaa na kupukutika, infraredi inayorudi kutoka eneo lile hupungua. Namba mbili zilizokuwa mbali, ya infraredi na ya nyekundu, huanza kukaribiana. Ukaribu huo ndio unaopimwa kwa fahirisi ya uoto, maarufu kwa herufi NDVI:

NDVI = (infraredi − nyekundu) ÷ (infraredi + nyekundu)

Tuseme shamba la mahindi lililostawi limerudisha 0.36 ya infraredi na 0.04 ya nyekundu. Tofauti ni 0.32, jumla ni 0.40, NDVI ni 0.8. Shamba la jirani halijapandwa, udongo mtupu, infraredi 0.26 na nyekundu 0.20: linapata 0.13. Mbona tunagawanya badala ya kutoa tu? Kwa ajili ya vivuli na miteremko. Upande wa kilima usiotazama jua ukipata nusu ya mwanga, mahindi yaleyale yatarudisha 0.18 na 0.02, na ukigawanya unapata 0.8 ileile. Ungetoa tu, ungedhani mahindi ya upande ule yamekuwa nusu.

Kwa kukadiria: maji husoma chini ya sifuri, udongo mtupu kati ya 0.1 na 0.2, vichaka vya nchi kame 0.2 hadi 0.4, na msitu au mazao yaliyofunga 0.7 kwenda juu. Hesabu hii ilianza kutumika kwa picha za Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 23 Julai 1972, na kuanzia 1981 setilaiti za hali ya hewa za Marekani zimekuwa zikikusanya kumbukumbu yake dunia nzima.

Ukitaka kuipiga mwenyewe

Picha za Sentinel-2 ni za bure. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya data ya Copernicus, mpango wa Ulaya wenye setilaiti hizo. Chagua zilizoandikwa Level-2A, ambazo ukungu na vumbi la angani vimekwisha kuondolewa kihesabu. Zile za Level-1C bado zina ukungu huo, nao huongeza mwanga mwekundu na kuishusha NDVI bila mmea kuwa na kosa. Utahitaji mafaili mawili tu, B04 (nyekundu) na B08 (infraredi), yote ya mita 10, na programu ya ramani ya QGIS ambayo nayo ni ya bure.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Namba zilizo ndani ya mafaili hayo si asilimia. Ni thamani iliyozidishwa kwa 10,000, na tangu tarehe 25 Januari 2022 imeongezwa 1,000 juu yake ili namba zisishuke chini ya sifuri. Mahindi yetu ya 0.36 na 0.04 yatasomeka 4600 na 1400. Asiyejua atapiga 3200 ÷ 6000 na kupata 0.53, kisha ataandika ripoti kwamba shamba limedhoofika. Ile 1,000 hujifuta yenyewe kwenye kutoa, lakini kwenye kujumlisha imeingia mara mbili. Kwa hiyo fomula ya kuweka kwenye kikokotoo cha QGIS ni:

(B08 − B04) ÷ (B08 + B04 − 2000)

Sasa 3200 ÷ 4000 ni 0.8. Ukilinganisha picha za miaka mbalimbali, fungua faili la maelezo linalokuja na kila picha uone kama nyongeza hiyo imo au haimo. Kosa hili lina ubaya wake: halitoi namba ya ajabu, linatoa namba inayoaminika.

Wanaotumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wana kosa lao, na hilo angalau hujitangaza. Mafaili huhifadhiwa kwa namba zisizoweza kuwa hasi. Juu ya ziwa, ukitoa nyekundu 1300 kwenye infraredi 1200, badala ya −100 utapata 65436, na ziwa litang'aa kuliko msitu. Geuza namba ziwe za desimali kabla ya kutoa, si baada.

Halafu kuna mawingu. Sentinel-2 hupita saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua, karibu saa tano kwa saa ya ukutani Nairobi, wakati ambapo mawingu ya nyanda za juu ndiyo kwanza yanajikusanya. Wingu husoma karibu na sifuri, kwa hiyo msitu uliofunikwa huonekana jangwa. Kila picha ya Level-2A huja na faili linaloitwa SCL lililoainisha pikseli kwa namba: tupa namba 3 (kivuli cha wingu), 8 na 9 (mawingu), na 10 (mawingu membamba ya juu). Baada ya hapo, kusanya picha za siku kumi au zaidi na kwa kila pikseli uchukue thamani ya juu kabisa, usichukue wastani. Wingu huishusha NDVI, haliipandishi. Thamani ya juu ndiyo ina uwezekano mkubwa wa kutoka siku ya anga safi.

Mwenye shamba dogo na ajihadhari na kingo. Eka moja ni mita za mraba 4,047, sawa na pikseli 40 hivi. Lakini pikseli za mpakani zimechanganya mahindi yako na njia, ua na mti wa jirani. Ukirudi mita 10 ndani kila upande wa eka ya mraba, zinabaki 19. Kwa Landsat, yenye pikseli za mita 30, eka nzima ni pikseli nne na nusu. Sioni haja ya kujisumbua.

Namba moja haisemi kitu

Sasa turudi kwa mfugaji. Pikseli ya Marsabit imesoma 0.22. Ni ukame? Huwezi kujua. Kwa Kericho hiyo ingekuwa balaa. Kwa jangwa la Chalbi ingekuwa neema. Jawabu ni kulinganisha mahali na historia yake penyewe, kwa wakati uleule wa mwaka. Tuseme kwa miaka yote ya kumbukumbu, pikseli hiyo mwezi huu imewahi kushuka hadi 0.15 na kupanda hadi 0.45. Toa 0.15 kwenye 0.22 upate 0.07, gawanya kwa upana wa 0.30, zidisha kwa mia: 23. Hiyo huitwa VCI, yaani fahirisi ya hali ya uoto. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutumia wastani wake wa miezi mitatu kupanga hali za kaunti kame: chini ya 10 ni ukame uliokithiri, 10 hadi 20 mkali, 20 hadi 35 wa wastani, 35 hadi 50 kawaida, juu ya hapo kumestawi. Pikseli yetu imeingia ukame wa wastani.

Bima inasimama juu ya msingi huohuo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake ilianzisha bima hiyo Marsabit Januari 2010, na fidia ya kwanza ikalipwa 2011. Mwanzoni fahirisi ilitumika kukadiria vifo vya mifugo. Baadaye mkataba ukabadilishwa ulipe mapema, malisho yanapopungua, mfugaji apate fedha za kununua majani na maji kabla ng'ombe hajalala chini. Badiliko hilo, kwa maoni yangu, lina maana kuliko setilaiti yenyewe. Udhaifu ulibaki pale pale: fahirisi hupigwa kwa eneo zima, kwa hiyo aliye kwenye kona iliyokosa mvua katika eneo lililopata anaweza kupoteza mifugo na asione senti.

Na kijani kisichukuliwe kila mara kuwa habari njema. Mvua za El Niño zinapolijaza maji bonde la nchi kame, mayai ya mbu yaliyolala ardhini huanguliwa, na mbu hao hubeba virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Uoto uliozidi kawaida kwa miezi kadhaa, pamoja na bahari iliyopata joto, ndiyo dalili. Kwa kufuata dalili hizo, watafiti walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla ugonjwa haujathibitishwa kaskazini mashariki mwa Kenya Desemba 2006.

Kwenye misitu na mashamba yaliyofunga, kipimo hufika dari. Eneo la majani likizidi mara tatu ya ardhi iliyo chini yake, nyekundu yote imekwisha kuliwa, na NDVI hukwama kwenye 0.8 au 0.9 hata majani yakiongezeka maradufu. Usiitumie kulinganisha mavuno ya mashamba mawili ya migomba iliyosongamana.

Kosa gumu zaidi halimo kwenye hesabu. Mathenge, mti wa miiba ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, una mizizi mirefu na hubaki na majani kiangazi chote. Mbuzi hula maganda yake yenye sukari, ila majani huyaepuka. Setilaiti haijui nani anakula nini; inasoma jani bichi na kuandika namba nzuri mahali ambapo nyasi zilikwisha zamani. Wanaoijua kazi huichora kwanza ramani ya vichaka vya mathenge kwa picha za kiangazi, wakati ambapo karibu kila kitu kingine kimekauka, kisha huzitoa pikseli hizo kwenye hesabu ya malisho kama wanavyotoa mawingu.